Robo Inchi

Saa kumi na mbili asubuhi dhoruba imechoka,
imejilaza juu ya milima kama ng'ombe aliyezaa usiku.
Natoka na rula ya mbao niliyoiba shuleni
mwaka ule nilipofeli hesabu,
naichomeka wima juu ya ubao mweupe
niliouweka mbali na paa, mbali na mti, mbali na mbwa.
Inchi kumi na moja na robo.
Napima tena. Ile robo haibanduki.

Umeme umekatika. Redio ya betri inaanza kukoroma
kabla kahawa haijachemka juu ya jiko la kuni.
Ni Thurlow, wa kule Mgongo wa Buckeye,
futi elfu tatu na mia tisa juu ya bahari asiyowahi kuiona.
"Kumi na tisa!" anapaza sauti, utadhani kazizaa mwenyewe.
Namuuliza kapimia wapi.
Kimya.
Namjua. Kapimia pale uzio unapokutana na ghala,
pale upepo unapokusanya theluji ya watu watatu
ukampa mmoja.
Kila mwamba ngozi huvutia kwake,
na ngozi ya Thurlow ingeifunika wilaya.

Idella yuko bondeni, jirani na kiwanda cha mbao kilichofungwa:
inchi tatu, na tope.
Mvua iliganda njiani, anasema,
ikagonga madirisha usiku kucha kama mtu anayedai kodi.
Anaongea kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyeipasha hewa moto.
Kati yake na Thurlow ni maili sita, kunguru akiruka;
kwa barabara, na minyororo kwenye matairi,
ni saa nzima na sala.

Mchungaji Gaither hana rula. Hupimia buti.
"Imepita kifundo, haijafika goti."
Naandika: kama kumi hivi.
Hatujawahi kumwambia kwamba ni mfupi.

Halafu Wiley, mtoto wa dereva wa greda, miaka tisa,
amekata theluji kwa kopo, akaiyeyusha jikoni:
inchi kumi na mbili zimekuwa maji ya inchi moja, pungufu kidogo.
"Mzee Thurlow," anauliza, kwa adabu zote,
"zako zikiyeyuka, zitabaki ngapi?"
Thurlow anacheka mpaka kikohozi kinamchukua.

Kisha redio inabaki na mvumo wake mtupu.
Hapa ndipo angeingia Hobart, wa Korongo la Tansy.
Majira ya baridi thelathini na moja alikuwa wa mwisho,
maana hakupima mpaka theluji itulie.
Theluji mpya hujivuna, alikuwa akisema,
ipe muda ijute.
Tulimzika Oktoba, majani yakiwa bado mekundu.
Asiyekuwapo na lake halipo,
lakini daftari langu lina mstari wake,
nimeuchora kwa mazoea, na sasa unanitazama.

Mchana nabeba koleo, nakwenda.
Ubao wake upo nyuma ya kisima, umezikwa sawasawa.
Kwenye nguzo ya kibaraza kuna alama za penseli,
moja juu ya nyingine, kama za mtoto anayekua,
ila huyu kila mwaka alirudi kuwa mdogo.
Nasubiri kidogo. Sijui nasubiri nini.
Vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu,
tone linaanguka kutoka kwenye paa,
napima.

Jioni nawasha redio.
"Korongo la Tansy," nasema. "Nane na robo tatu. Imetulia."
Hakuna anayejibu. Nasikia mtu akisogeza kiti.
Idella anapenga kamasi mbele ya kipaza sauti, bila kujificha.
Mwishowe Thurlow, taratibu:
"Ile kumi na tisa yangu ifute.
Ilikuwa ya uzioni. Nimekwenda uwanjani kwa tochi.
Andika kumi na nne."
Nachukua kalamu.
"Na nusu," anasema.